Milimita Kumi na Moja

Saskatoon, mwezi wa pili, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nimeigawa nyika vipande mraba,
mita hamsini kwa mita hamsini,
vipande laki mbili na ushei,
kila kimoja na theluji yake, upepo wake,
deni lake la maji
kwa mto unaongoja chini ya barafu.

Kompyuta hazilali. Ghorofa ya chini
zinavuma kama kinu kisagacho bila mahindi,
zinajumlisha saa kwa saa, punje kwa punje.
Nilichofundishwa darasa la nne kama methali
hapa kina herufi yake ya Kigiriki:
haba na haba.
Basi na kibaba kijae.

Hakijai.
Kila theluji iyeyukapo, miaka kumi na minne ya vipimo,
mto hupokea pungufu ya ninavyoutabiria:
milimita kumi na moja,
upana wa kidole gumba cha mtoto.
Si kitu.
Ukiitandaza juu ya nyika nzima, ni ziwa.

Nikafanya wafanyavyo wengi wala hawasemi.
Kuna kigezo, mstari wa mia tatu na kumi na mbili;
ukikigusa kidogo tu grafu inainama,
inakuja yenyewe kulala juu ya data
kama paka aliyezoea.
Nilikigusa. Kutoka sifuri nukta nne
hadi sifuri nukta sita moja.
Mistari miwili ikawa mmoja.
Nikaenda kunywa chai.

Dakta Lindqvist aliitazama muda mrefu.
"Nzuri," akasema. "Sasa niambie,
hiki kigezo ni kitu gani
ukishatoka nje ya mlango?"
Nikafungua mdomo. Chai ilikuwa imepoa.

Kesho yake akanikabidhi kwa Orest Hrycak,
fundi wa vipimo, masharubu yenye barafu,
asiyejua kuandika programu na haombi radhi kwa hilo.
Gari lake lilinuka dizeli na kahawa iliyomwagika mwaka juzi.
Kilomita sabini mashariki, hapana hata mti wa kuegemeza macho.
Akanipa bomba la alumini lenye meno:
sukuma, zungusha, vuta, pima uzito, andika.
Mara arobaini, kwa penseli, maana wino huganda.
Vidole vyangu vikajifunza
kwamba kila nambari kwenye faili langu safi
iliwahi kumuuma mtu.

Mara ya ishirini na saba upepo ukaamka.
Theluji ikanyanyuka, ikakimbia kwa tumbo
kama moshi unaotafuta mlango,
jua likiwaka,
na mbele kidogo haikuwepo.
Sikuiona ikitua. Sikuiona ikiyeyuka.
"Hiyo haifiki mtoni," Orest akasema,
kama mtu anayemwonyesha mgeni kituo cha basi.
"Inapanda hewani kavu kavu. Siku zote."

Siku zote!
Nami katika mlinganyo wangu
niliipa theluji njia moja tu ya kufa:
sharti iwe maji kwanza.
Lindqvist, nadhani, alijua.

Nilikirudisha kigezo mahali pake.
Mistari ikaachana tena, aibu mchana kweupe.
Kisha wiki tatu za kuunda kilichokosekana:
kasi ya upepo, ukavu wa hewa, ukubwa wa punje.
Siku moja palipotakiwa kutoa nikajumlisha,
nyika yangu ikazaa theluji mwezi wa saba;
nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Jana usiku hesabu iliisha saa tisa na robo.
Pungufu: milimita mbili,
mwaka huu juu, mwaka ule chini,
kasoro isiyo na upande.
Sikuigusa.
Katika ripoti nimeandika mbili, waziwazi,
na shukrani kwa O. Hrycak,
ambaye alihakikisha kwanza jina lake halina kosa,
halafu akauliza
hizo mbili, je, zinakwenda wapi.