Ndani ya Bitana

Kidude chenyewe ni duara, cheupe, uzito wa sarafu mbili.
Kristaps alikileta juma lile babu yake
alipopoteza funguo mara tatu
na mara zote tatu tukazikuta kwenye friji, kando ya siagi.
"Bonyeza hapa, bibi, kitalia."
Nikabonyeza. Aivars akaruka kitini
akidhani nyenje kaingia nyumbani, Riga, katikati ya Januari.

Akakitia mfukoni mwa koti lake la kijivu,
lile lenye kifungo kimoja cha kahawia
maana duka la vifungo mtaani kwetu lilikufa kabla yake.
Mfuko ulikuwa na tundu.
Nilisema nitalishona.

Septemba tukamzika kwa suti.
Novemba, baridi ilipoanza kung'ata,
nikalikunja koti, nikalipeleka kanisani
kwenye sanduku la nguo za wenye shida.
Sikulinusa. Nilijikataza.

Usiku mmoja natafuta funguo zangu kwa simu,
ramani ikanionyesha nukta mbili:
moja imetulia jikoni,
ya pili inavuka daraja la Daugava, saa kumi alfajiri.
*Aivars. Ameonekana dakika mbili zilizopita.*

Miguu ikanipoa hadi magotini.

Hakina macho, Kristaps alikwisha nieleza,
hakijui mto wala daraja. Kinanong'ona tu,
na simu za wapita njia hudaka mnong'ono
zikaufikisha, wenyewe hawana habari.
Basi ndio hao: mlevi anayerudi kwake, muuguzi wa zamu,
kijana na masikio yake yamezibwa na muziki,
mji mzima wa watu nisiowajua
wananiletea salamu za mume wangu.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi mali nilikwisha itoa,
habari ndizo zilizokataa kuondoka.

Nikazoea. Alfajiri, karakana ya tramu.
Adhuhuri, sokoni, upande wa samaki.
Jumapili haitoki, imelala Bolderāja.
Siku moja ilikaa hospitali saa nzima, na nusu,
nami nikaunguza uji.
Sijachanganyikiwa. Nilimfunga tai kwa mikono hii.
Lakini theluji ikidondoka najikuta nauliza
kama amevaa skafu.

Na huu ni wizi gani, kuiba nyayo za mtu?
Nilijiuliza hivyo ndani ya tramu, Jumatano,
simu mkononi, nukta ikinikaribia
mpaka ikawa juu yangu.

Mwanamke. Ana miaka thelathini, labda.
Mikono ya koti kaikunja mara mbili,
kifungo cha kahawia chini ya kidevu,
simu yake ya vitufe, imefungwa kwa utepe.
Alikuwa anatafuta sarafu. Akaupindua mfuko nje
nikauona: uzi mwekundu,
mishono midogo, ya haraka, imara.
Tundu langu kalishona yeye.
Kumbe ndiyo maana hakijadondoka,
kiko ndani ya bitana, kizuizini,
kinazunguka mji kwa kazi ya mtu mwingine.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Ningebonyeza, kingelia kifuani pake kama nyenje,
angeshtuka, angeruka,
na mimi ningelazimika kucheka, au kueleza.
Akaniangalia. "Bibi, unataka kukaa?"
Nikasema nashuka kituo kijacho.
Sikuwa nashuka kituo kijacho.
Nilitembea nyumbani, vituo vinne, kwenye barafu.

Tangu juzi simu inasema betri inakaribia kwisha.
Kristaps anasema si kazi, unazungusha kifuniko
kama cha chupa ya achari, unaweka nyingine.
"Kilete Jumamosi, nitakubadilishia."
Nimemwambia nimekipoteza.