Tupa Isiyo ya Fundi

Rangi usiisikilize. Rangi hupakwa upya,
na vibandiko huuzwa mnadani kwa mafungu.
Igeuze fremu miguu juu,
uanze pale ambapo muuzaji hakupiga picha.

Ndivyo nilivyofanya Novemba ile, Castelfranco,
ukungu umelala barabarani hadi adhuhuri,
Bibi Elide Zanchetta aliponiletea fremu
iliyoviringwa shuka la kitanda,
mjukuu wake Tiziano akibeba upande wa uma.

"Ya hamsini na tatu," alisema bibi.
"Gelindo wangu aliupanda Grappa nayo
kabla hatujaoana."
Mjukuu alitaka karatasi, sahihi na bei.

Nikaanzia nyuma. Taya zishikazo ekseli
zimeachana milimita mia na ishirini:
nafasi ya gia tano. Ya hamsini na tatu ingebana zaidi,
tena ingekuwa na vitundu vya kufungia madigadi.
Nikang'oa uma, nikamulika shingo yake kwa ndani:
mistari mitano, imejisokota kama kamba,
ambayo sijawahi kuikuta
katika chuma cha miaka ile.

Viungo vilikuwa vya Fioravante, fundi wa Montebelluna.
Ncha zimelishwa tupa hadi wembamba wa jani la mzeituni,
ya kushoto ikiizidi ya kulia kidogo, kama kawaida yake.
Mkono ni ule ule,
ila umezeeka.

Na bado, juu ya bomba la juu,
vibano vitatu vya kromu vikishika waya wa breki,
mtindo wa kale kabisa.
Mwili na vazi vikibishana.

Nikavilegeza. Chini ya kila kibano
rangi ilikuwa nene, ya brashi.
Nikakwangua, kidogo tu.
Shaba.
Kivuli cha shaba, upana wa punje ya mchele,
pale fundi alipolehemu vishikio vya waya
na mtu mwingine akavila.
Tupa ya Fioravante huenda upande mmoja, kisha huinuliwa.
Hii ilienda na kurudi, ikaenda na kurudi,
kama mtu anayekata mkate wa juzi.

"Sabini na sita," nilisema. "Sabini na saba, ikizidi."
Bibi akamtuma Tiziano kahawa.

Mlango ulipofungwa:
"Najua. Nililipa mimi.
Ile ya kwanza aliiuza apate tiketi ya Ubelgiji.
Alirudi kutoka migodini akikohoa weusi,
na hata siku moja hakuitaja.
Nilishona ngozi za buti nyumbani, majira manne ya baridi.
Nikamwambia fundi: kijani kile kile.
Nikamwambia Gelindo nimeikuta kwa muuza vyuma chakavu.
Aliamini. Alikufa akiamini."

Sikujibu upesi.
Nani apandaye mlima asijue fremu yake,
kama vile mtu asivyokosea ngazi za kwake gizani?

"Hapa palikuwa na vishikio vya kisasa," nilimwambia.
"Kuna mtu aliviondoa, akafunga vibano vya zamani.
Si fundi."

Akaweka kidole juu ya shaba.
Kidole kikaenda na kurudi.
"Juma zima," alisema, "alijifungia bandani.
Nikadhani ameanza kunywa."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilipanda Grappa kila Agosti,
hadi goti la mzee lilipokataa:
waongo wawili, tandiko moja.

Tiziano akarudi, vikombe vitatu kwenye sinia,
ukungu bado nyweleni.
"Haya, ya mwaka gani?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Bibi alikuwa akikaza kibano cha mwisho
kwa ukucha,
na bisibisi ipo pale pale mezani.