Umekula Nini Asubuhi

Kabla taa nyekundu haijawaka
nauliza swali ambalo halirushwi hewani:
umekula nini asubuhi?
Si udaku. Napima sauti.
Mtu akitaja mkate na jibini
sindano inapanda, inashuka, nami najua
nimfungulie kiasi gani cha ulimwengu.

Miaka kumi na tisa nyuma ya kioo hiki,
ghorofa ya tano, Tbilisi, kila Alhamisi usiku,
lifti haipandi mpaka uilipe sarafu
na wageni hufika wakihema
maana watu maarufu hawabebi chenji.

Watayarishaji wa muziki nawajua kwa vidole.
Wakiongea wanasukuma hewa mezani
kana kwamba pana vitufe.
Vazha Kiknadze, koti lake likinuka tumbaku,
alijibu, "Kahawa. Kisha kahawa."
Akatega sikio juu.
"Feni yenu iko nusu noti chini."
Nikaizima. Tukaloa jasho saa nzima
kwa ajili ya sikio la mtu mmoja.
Na mtangazaji alipomuuliza siri ya kazi
alisema, "Kuzima."

Wa filamu hutafuta dirisha.
Studio haina dirisha.
Tsiala, aliyepiga filamu moja na nusu
(ile nusu imeshikwa na wadai),
alisema: "Komamanga, nimesimama, juu ya sinki,
nisije nikachafua shati la mahojiano."
Shati lilikuwa na doa, chini tu ya kola.
Nchi nzima ilimsikiliza, hakuna aliyeliona.
Niliona mimi.
Sijaona picha yake nyingine iliyonikaa hivyo.

Wa jukwaani ndio kazi.
Kipaza sauti hawakiamini.
Wanamsemesha bibi kiziwi wa safu ya mwisho
aliyelipa tiketi kwa pensheni yake.
Nawashusha, nawashusha, wanapanda.

Basi akaja Eteri Mgaloblishvili,
miaka sabini na ushei, fimbo,
pete tatu zinazogonga meza kila anapokumbuka jambo.
Hakunitambua. Angenitambuaje?
Nilisimama mbele yake dakika mbili,
majira yale ya baridi, umeme wa mgawo,
yeye kajifunga blanketi, mshumaa juu ya sosa,
mimi na mistari minne niliyoikariri
kwenye foleni ya mkate.
Wa tatu haukuisha.
"Binti, sauti yako haifiki nyuma.
Asante. Mwingine."

Umekula nini asubuhi, nikamuuliza.
Pete zikatulia.
Akageukia kioo.
"Na wewe je?"

Miaka kumi na tisa.
Vazha hakuuliza. Tsiala hakuuliza.
Hata mtangazaji, tunayegawana naye dawa ya kikohozi.
Nikabonyeza kitufe cha kuongea na upande wa pili,
kidole kikateleza, nikabonyeza tena.
"Yai," nikasema. "Moja. Na chumvi."
Sauti ikamwingia masikioni moja kwa moja,
haina ukumbi wa kuvuka, haina safu ya nyuma.
Akainamisha kichwa
kama mtu aliyesikia mvua inaanza.
"Yai," akarudia. "Vizuri. Umesikika."

Taa ikawaka.
Akaulizwa vipaji alivyovigundua,
akavitaja kwa majina, kimoja kimoja,
meza ikigongwa, mimi nikihesabu,
sijui nilikuwa nangoja nini.
Pale kwenye jina la tisa nilimshusha kidogo.
Kisasi? Hapana.
Sindano ilikuwa imegusa nyekundu.
Tuseme hivyo.

Saa sita na robo, jikoni kwangu,
nikachemsha lingine, wala sikuwa na njaa.
Nikalitaja jina lake, nimesimama wima,
kifua wazi, kama nilivyopaswa siku ile:
yai.
Jirani wa nyuma ya ukuta
akagonga mara mbili
kwa kiatu.