Shuka la Arobaini

Andika, Hidaya. Tarehe iweke juu.
Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili,
nyumba ya mlango wa buluu.
Kwa Sista Tuloki, Australia.
Usiniulize mji. Alisema kwao kondoo ni wengi kuliko watu;
posta wakifika kwenye kondoo, waulize.

Salamu nyingi. Kisha:
mimi ni Mashavu binti Shekue, dobi wa Bombo,
yule wa beseni la tatu, mwenye kovu la pasi.
Habari za nyuki ziache. Kila anayesimulia vita vya Tanga
huanza na nyuki. Yeye alikuja nyuki wameshatulia,
Mdachi amekwenda na funguo za ghala,
Mwingereza ameingia, na sisi madobi palepale,
damu imebadilisha bwana, sabuni ni ileile.

Mrefu, shingo imebabuka kwa jua.
"Mashuka mzuri," alisema, "wagonjwa kubwa,"
tukacheka tukiwa tumeinama.
Lakini hesabu haikumchenga.
Kila asubuhi mlangoni na daftari:
yameingia arobaini, yametoka arobaini.
Hapana, kwamba alikuwa mwema usiandike bado.
Alikuwa mkali. Mwanakheri alikatwa senti kwa foronya moja.

Askari wazungu walilala ghorofani, penye upepo.
Wapagazi walilala chini, bandani, juu ya mikeka,
wamebeba risasi za watu mpaka Rufiji
wakarudi mifupa iliyovaa namba.
Namba, Hidaya. Kibati shingoni.
Banda halikuwa kazi yake, hakupangiwa.
Zamu ikiisha alivua aproni safi, akavaa ya jana,
akashuka na chemli na ndoo.
Aliwaosha waliokuwa wakihara damu. Mwenyewe.
Na kila mmoja alimuuliza,
"Wewe jina nani?"
Wengine walimtajia namba.

Pumzisha mkono. Chovya wino.

Sasa polepole.
Shuka lililopotea mwezi wa Rajabu nililichukua mimi.
Kulikuwa na mtu wa Usoke. Sista alimuuliza jina
usiku mzima, naye ameshazimia, hajibu.
Akafa kabla ya adhana. Walitaka kumfukia na gunia,
gunia la chumvi, maandishi bado yanasomeka.
Nami nilikuwa na shuka mkononi, bichi.
Sikufikiri. Nilimvika likiwa na maji yake,
akaenda ardhini ananukia buluu ya kufulia.

Asubuhi Sista alihesabu. Thelathini na tisa.
Akahesabu tena.
Akanitazama mikono, mimi nikatazama beseni.
Akaandika neno, akafunga daftari.
Siku za mwizi arobaini: nikazingoja moja moja,
zikaisha, hakuna aliyeniita.
Yeye ndiye aliyeondoka, kwa homa, kwa machela,
mkono umetoka nje ya blanketi
mwepesi kama foronya tupu.

Juzi yule karani, mtoto wa Semhando,
alipokuwa anasafisha stoo ya zamani kule Bombo,
akalikuta daftari, akaja kunisomea:
"Shuka moja. Limeungua kwa pasi. Kosa langu."
Kosa lake! Yule hakuwahi kushika pasi ya mkaa
hata siku moja. Angejiunguza.

Basi mwambie halikuungua.
Mwambie jina nililipata baadaye, kwa mwenzake wa mkeka wa pili,
na nimekaa nalo miaka arobaini kama deni la dukani.
Liandike mstari wake peke yake:

Mihambo.

Kama walimkata mshahara, sijui.
Shuka siku hizi ni shilingi sita. Zitie kwenye bahasha.
Stempu isipotosha, ongeza nyingine.
Nafasi imebaki?
Muulize kondoo hawajambo.