Makumi ya Karibu

Asubuhi, Winnipeg, nyuzi hasi ishirini na saba.
Nikaandika ubaoni, nikawaambia wakadirie.
"Hasi thelathini," akasema Jomar, kisha akakunja uso:
"Mwalimu, mbona unatuongezea baridi?"
Darasa likacheka. Hata bomba la joto ukutani likagonga.

Nikachora mstari wa namba kutoka dirishani hadi mlangoni.
Thelathini nyumba. Arobaini nyumba.
Katikati njia, na watu njiani:
thelathini na moja anarudi alikotoka, si mbali,
thelathini na nane keshaona moshi wa jikoni, anakimbia.
Na tano, aliyesimama katikati kabisa?
Tano ana ruhusa ya kupanda.
"Nani alimpa?" akauliza Taras.
Watu. Walikubaliana tu,
kama walivyokubaliana magari yapite kulia.

Nafundisha kwa Kiingereza,
lakini kichwani nahesabu kwa lugha ya nyumbani,
na lugha ya nyumbani ina maneno tele ya kukosea kwa adabu:
yapata, takriban, kama, hivi, karibu.
Karibu! Neno moja, la umbali na la mlangoni.
Makumi ya karibu
ndiyo makumi yanayokufungulia.

Nsimire hakukadiria kitu.
Thelathini na nne ilibaki thelathini na nne daftarini mwake,
imekaa, imekunja mikono.
"Nikiifanya thelathini," akasema,
"wale wanne wanakwenda wapi?"
Nikasema: hawaendi popote, tumewaacha nje kidogo tu.
Akatazama dirishani. Theluji ilikuwa ya magotini.
"Nje?"

Nina cheti, nina chaki, sikuwa na jibu.
Nilikumbuka meza ya karani kambini,
Mama akieleza: huyu alizaliwa mahindi yakianza kubeba,
wiki ile daraja lilipochukuliwa na maji.
Karani, foleni imemzidi, akaandika Januari mosi.
Baba, Januari mosi. Shangazi, Januari mosi.
Ukoo mzima tulikadiriwa kwa mwaka wa karibu,
na kila Mwaka Mpya simu yangu hulia pongezi
za siku ambayo sikuzaliwa.

Jumamosi, duka la mtaa wa Ellice,
nilikuwa nyuma yao kwenye foleni na mfuko wangu wa viazi.
Mchele: dola kumi na moja na senti sabini na tisa.
Samaki: sita na themanini na nane.
Vitunguu: tatu na kumi na tano.
Mashine ikasema ishirini na nane na sabini.
Mama yake alikuwa keshafungua pochi.
Nsimire, midomo ikicheza bila sauti:
kumi na mbili, saba, tatu.
"Haiwezekani," akamwambia keshia. "Ni kama ishirini na mbili hivi."
Alisema kwa Kiingereza, lakini ile *hivi* niliisikia.
Keshia akapitisha kidole juu ya risiti, taratibu, akakwama:
samaki mmoja, kalipiwa mara mbili.

Ishirini na moja, themanini na mbili.
Nchi hii ilishazika senti moja moja;
ukilipa taslimu, wanashuka hadi themanini.
Akasimama na chenji mkononi, foleni inaguna,
mama yake anamvuta mkono wa koti,
akageuka, akaniona.
"Mwalimu! Na hizi senti mbili, zimekwenda wapi?"

Nikaviweka viazi chini.
"Mfukoni mwako," nikasema. "Safari hii zimeachwa ndani."
Hakuniamini moja kwa moja.
Aliupapasa kwanza mfuko, nje, kisha ndani,
kama mtu anayehesabu.