Chale ya Wakati

Shangazi Muriel ana msemo kwa kila saa iliyoharibika.
Huutoa mkobani pamoja na peremende za mnanaa
na kukugawia vyote viwili, utake usitake.

Jumanne ile mvua ya Oldham ilinyesha kiubavu.
Kaka yangu Desmond alisimama kituoni dakika arobaini,
basi hakuna,
kisha yakaja matatu yameongozana kama bata.
Akapanda la kwanza.
La kwanza likazimika njiani, mlimani,
na yale mawili yakampita yakimrushia maji.

Mama alikata roho saa kumi na dakika kumi.
Desmond aliingia saa kumi na dakika ishirini,
koti linachuruzika, mkononi zabibu
katika mfuko wa karatasi uliokwisha kulowa.
Muuguzi Bernadette alimvua koti kwanza,
kama anavyovuliwa mtoto,
ndipo akamwambia.

Ukumbini Shangazi akasema:
"Heri kuchelewa kuliko kutofika."
Akalisikia neno lake mwenyewe.
Akalitazama sakafuni, pale zabibu moja ilipodondoka,
na hakuna aliyeinama kuokota.

Sisi watu wa mawingu tumeuchonga wakati kwa kila chombo.
Mwenye bahati hufika kwenye chale,
ule mkato wa kisu juu ya kijiti cha kuhesabia,
mwembamba hata ukucha hauingii.
Mwenye pupa huchomoka kabla ya bastola.
Bondia aliyelemewa huokolewa na kengele.
Mzembe hukomea mlango wa zizi,
farasi yuko wilaya ya pili anakula nyasi za watu.
Na aliye wa mwisho kabisa
tumemwekea saa ya kumi na moja,
jua limebaki kidole kimoja juu ya mabomba ya viwanda,
na hata yeye hahesabiwi kuwa amechelewa.

Desmond aliitangulia saa hiyo kwa dakika arobaini.

Nimeipekua lugha ya bibi yangu
kama mtu anayetafuta funguo katika koti la zamani.
Nimekuta boti iliyoondoka, chuma kilichopoa,
ndege aliyerauka akamla mnyoo.
Sikukuta msemo wa mtu
aliyefika na zabibu.

Baada ya mazishi tulikunywa chai kwa binamu Clifford,
mstaafu wa reli, anayeamini
kwamba ucheleweshaji wote una maelezo.
Alimweleza Desmond habari za gia na giriba
mpaka mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

Nyumbani, juu ya cherehani,
tuliikuta suruali ya Desmond.
Aliileta siku ya Pasaka, pindo limefumuka,
akasema haina haraka.
Mama, miaka thelathini na moja kiwanda cha pamba,
alikuwa akituonya tangu tukiwa na meno ya utoto:
mshono mmoja kwa wakati wake huokoa tisa.
Nasi tulicheka, tukauliza kwa nini isiwe kumi.
Sindano ilikuwa ingali imechomekwa kitambaani,
uzi wa buluu unaning'inia.
Nilihesabu. Mishono sita.

Desmond hajapata kushika sindano.
Aliketi kwenye kiti chake, akavaa miwani yake,
akawasha ile taa yenye shingo.
Wa saba ulikuwa mrefu kama njia ya kwenda Leeds.
Wa nane ulimchoma kidole, akaunyonya bila neno.
Wa tisa ulikaa vizuri kidogo,
au labda mwanga ulikuwa umepungua.
Pindo lilikuwa bado wazi nusu nzima.
Hakuacha.

Shangazi Muriel alifungua mdomo.

Akaufunga.
Akafungua mkoba,
akampa peremende.