Tulisema ni Somoe

Paka wangu wa kwanza nilimwita Mstaafu,
maana panya walipita chini ya masharubu yake
naye akawatazama kama mtu anayesubiri mafao.

Jioni, Chikongola nzima ikinuka mafuta ya kukaangia,
alikuja kukaa kwenye kizingiti cha jiko.
Halii. Anatazama tu.
Nami ni nani nimnyime mwenye macho yale?
Nilikomba kikaango,
vitunguu vilivyoiva vikawa vyekundu,
saumu, mabaki ya nyanya,
nikamwekea kwenye sahani ya bati.
Alilamba akiisukuma sahani sakafuni
mpaka ikagota ukutani.
Nikasema, haya ndiyo mapenzi:
nikila nawe ule.

Msimu wa korosho akaanza kulala mchana na usiku.
Ufizi ukapauka kama unga wa muhogo.
Mkojo wake mchangani ulikuwa rangi ya mkandaa.
Alihema kama aliyepanda mlima, naye amelala.
Siku ya nne nilimkuta nyuma ya mtungi,
baridi kuliko mtungi.

Tulisema ni Somoe.
Nani mwingine? Somoe ana vifaranga.
Somoe alishasema mbele za watu,
"Huyo paka wenu nitamtia adabu."
Na kuna mtu alimwona dukani
akinunua dawa ya panya.
Kesi tukasikiliza wenyewe, hukumu tukatoa wenyewe,
kifungo kikawa salamu.
Miaka miwili.
Alipofiwa na kaka yake kule Nanguruwe
rambirambi niliituma kwa mkono wa mtoto,
na mtoto nikamwambia asikae.

Juzi alikuja Nambunga, kijana wa mifugo,
kuchanja kuku wangu mdondo,
tone moja jichoni, kuku mmoja mmoja.
Nami nimeshika kikaango, naelekea sahani ile ile ya bati,
maana sasa nina kapaka kengine, Kangomba,
jina kalilipata kwa kupitia mlango wa nyuma.
Nambunga alipiga kelele mpaka jogoo akamponyoka.
"Mama! Kitunguu hicho!"

Kitunguu kina nini?
Nimelea watoto sita kwa kitunguu,
kifua chao, mafua yao.

"Watoto sawa. Paka kinamla damu.
Kibichi, cha kukaanga, hata mchuzi wake mtupu.
Kidogo leo, kidogo kesho. Saumu ndiyo kabisa."
Akamkimbiza jogoo, akarudi anahema, bado anasema:
donge la maandazi lenye hamira, usimwachie,
litamuumukia tumboni;
ng'onda, chumvi yake;
zabibu za pilau; na wale wanaume wenu
wanaowapa paka uraka ili wacheke,
waambie wanacheka maiti.

Halafu, taratibu:
"Yule wa zamani, ufizi wake ulikuwaje?"

Sikumjibu.
Nilikuwa nahesabu.
Pilau ya Idi. Mchuzi wa kila Ijumaa.
Ile siku alipokataa kula, nikamwongezea,
nikamlisha kwa kidole.

Kati ya mlango wangu na wa Somoe kuna ua wa makuti
na hatua kumi na mbili.
Nilizitembea tangu alasiri mpaka magharibi.
Nilibeba bakuli la dagaa waliochemshwa kwa maji tu,
kwa kuwa naye siku hizi anafuga,
namsikia usiku akimgombeza.

Hodi.
Akatoka na kanga ya kazini.
Nikasema, "Somoe, Mstaafu nilimuua mimi."
Sikusema bahati mbaya.
Neno hilo alikuja kulisema yeye, na si siku ile.
Siku ile alifunua kawa, akainama, akanusa.

"Hamna kitunguu?"
"Hamna."
"Chumvi?"
"Wala chumvi."

Akaliweka bakuli chini. Kitu cheusi kikatoka uvunguni.
"Nambunga alianzia kwangu asubuhi," akasema,
akinisogezea kigoda kwa mguu.
"Nilikuwa nakusubiri."